Ndege wa Bibi Harusi

Kila nikipita mahali belo la mitumba linapokatwa kamba, huwa nasimama. Mwanangu wa kwanza, ambaye siku hizi ni mtu mzima mwenye aibu zake, hunivuta kiwiko: "Mama, twende, watu wanatutazama." Waache watazame. Ile harufu inayotoka kamba inapokatika, ya dawa ya nondo na vumbi na sabuni ya nchi nisiyoijua, inanirudisha nyumbani kwa Bibi, kwenye kilima cha juu ya Mlalo. Nimekaa kwenye kigoda karibu na moto, nimenyoosha mikono yote miwili mbele, na Bibi anauzungusha uzi mwekundu juu yake huku akinigombeza nisicheze.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya foleni, ambapo kitambaa kilikuwa kitu cha kusikia tu kwamba kimefika dukani, na wewe ukifika kimekwisha. Halafu ghafla vitu vikaanza kupanda mlima. Zikaja sabuni za kunukia, vikaja viatu vya plastiki, na siku ya gulio pakawa na malundo ya nguo juu ya maturubai, wauzaji wakiimba chagua, chagua. Watu wazima waliziita nguo zile kafa Ulaya. Walikuwa wanatania, lakini mimi nani alinieleza? Nilikuwa darasa la tatu na kila neno la mkubwa nililichukua kama lilivyo. Nikaelewa kwamba Mzungu akifa, watu wake wanazikunja nguo zake, wanazitia dawa, kisha wanatuletea sisi wa milimani kwa sababu kwetu kuna baridi.

Bibi, mama yake Baba, alinunua masweta kila gulio, na hata siku moja hakuvaa. Aliyanunua ili ayafumue. Alikuwa fundi wa kudarizi anayejulikana mpaka ng'ambo ya bonde, na nyuzi za kudarizi zilizoanza kufika madukani alizidharau kwa kuwa zilichuja rangi kwenye maji ya kwanza. Uzi wa sweta la Mzungu, alisema, umeshafuliwa mpaka umetubu. Alitafuta ncha begani, akaikata kwa meno, kisha akavuta, na sweta zima likaanza kushuka mstari kwa mstari mpaka likabaki kola. Uzi ulitoka umejikunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa. Tuliufua, tukauanika barazani na jiwe limening'inizwa chini yake, na baada ya siku mbili ulikuwa umenyooka. Kazi yangu ilifuata hapo. Uzi mmoja wa sweta una nyuzi tatu nyembamba ndani yake, na vidole vyangu vidogo ndivyo vilivyoweza kuzitenganisha bila kuzikata.

Niliifanya kazi ile kwa hofu kubwa. Kabla ya kugusa sweta lolote nilimwamkia mwenyewe kimoyomoyo, shikamoo marehemu, maana sikujua alikufa na umri gani na sikutaka kukosa adabu.

Mwaka huo Shangazi Hilda, mdogo wa mwisho wa Baba, aliposwa na kijana wa Vuga aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha chai cha Mponde. Kwetu kilimani, bibi harusi hakutoka bila shuka. Lilikuwa shuka jeupe la kitambaa cha marekani, na katikati yake ndege wawili wanaotazamana. Ndege hao walishonwa na mama wa bibi harusi mwenyewe, na wanawake wengine wa nyumba kila mmoja alitia ua lake pembeni. Hata wasichana walitia, mradi wawe wanajua. Siku ya kumuaga bibi harusi, wanawake wa upande wa bwana walilitandaza shuka mbele ya watu, wakaligeuza kuangalia mgongo wake kama una vinundu, ndipo wakalikubali.

Mimi nilijua kutia ua. Nililitaka ua langu kwenye shuka la Shangazi kuliko nilivyotaka viatu, na viatu sikuwa navyo. Tatizo lilikuwa mkono. Mimi nina shoto.

"Mkono wa kushoto una kazi zake chooni," Bibi alisema. "Haugusi shuka la bibi harusi. Unataka mwanangu aanze nyumba kwa mkosi?"

Hakuwa mkatili. Aliamini, na alitaka niwe mtu wa watu. Wakati wa kula aliufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni kwa kipande cha kanga, nami nikahangaika na wa kulia huku maharage yakinidondokea mapajani. Akaniruhusu nijaribu ua kwa mkono huo huo wa kulia. Nilishona mchana kutwa, ulimi nje. Ua likatoka kama lililokanyagwa na mbuzi. Bibi alilitazama, akachukua sindano, akalifumua lote bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Gulio lililofuata alirudi na sweta jekundu la mtoto, jekundu la kuiva, rangi aliyokuwa akiitafuta kwa ajili ya ndege. Nilipolipokea niliona kwenye kola kijitepe cheupe kilichoshonewa kwa mkono, na juu yake herufi za uzi: GERDA. Wale wengine wote walikuwa marehemu tu. Huyu alikuwa mtoto, na alikuwa na jina.

Nililikagua sweta lile kama polisi. Mkono wa kulia ulikuwa mzima. Mkono wa kushoto, kwenye kifundo, ulikuwa na madoa ya wino yaliyokataa kutoka, na kiwiko chake kilikuwa kimechakaa, kimewekwa kiraka cha uzi wa rangi ile ile. Nilijua madoa yale yanatokana na nini, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nayo kila siku ambayo mwalimu hakuniona. Ukiandika kwa kushoto, mkono unaburuza juu ya wino mbichi. Gerda alikuwa na shoto. Na Gerda alikuwa amekufa.

Leo najua kwamba pengine hakufa, kwamba alirefuka tu, sweta likambana, mama yake akalitia kwenye mfuko. Pengine sasa ni bibi wa watu huko aliko na hajui kama kuna mtu aliyemlilia. Mimi nilimlilia. Niliamini ni mkosi wa mkono ndio uliomwondoa, na kwa siku kadhaa niliukalia mkono wangu kila nilipokaa, nisije nikaitwa na mimi. Kilichoniokoa ni kile kiraka. Niliendelea kukitazama. Kilikuwa kimefumwa kwa subira, nyuzi zikipishana juu na chini, na chini yake kulikuwa na kiraka kingine cha zamani zaidi. Mtu alikuwa amekirudia kiwiko kile kila kilipotoboka. Hakumfunga mkono, alimshonea. Nikafikiri, mtu hapigwi kiraka kizuri namna hii kama hapendwi. Tangu siku hiyo niliacha kumwogopa Gerda. Kijitepe cha jina nilikichomoa kabla Bibi hajakiona, nikakiweka kwenye kibweta changu cha penseli.

Sasa niwaambie kuhusu ndege.

Bibi alikuwa na karatasi ya mfuko wa saruji yenye mchoro wa ndege mmoja, imetobolewa matundu kwa pini. Aliiweka juu ya kitambaa, akapaka unga wa mkaa, na vidoti vikabaki chini. Huyo alikuwa ndege wa bwana harusi. Kisha aliigeuza karatasi, akapaka tena, akapata ndege wa bibi harusi anayemtazama mwenzake. Mchoro uligeuka, lakini mkono wa Bibi haukugeuka. Mishono yake ililala upande mmoja siku zote. Kwa ndege wa bwana ilitoka kichwani kwenda mkiani, manyoya yakalala vizuri. Kwa ndege wa bibi harusi ilitoka mkiani kwenda kichwani, manyoya yakasimama kama ya kuku aliyenyeshewa.

Mashuka yote ya kilima chetu yalikuwa hivyo, na watu walikuwa wameshalipatia jambo hilo maelezo. Walisema ndege wa bibi harusi analia kwa sababu ya kuacha kwao. Wanawake wa bwana walipolitandaza shuka walikuwa na maneno yao ya kusema: "Huyu analia. Tutamnyamazisha." Watu wakapiga vigelegele. Nilikua nikidhani ndivyo ndege wa kike walivyo.

Shangazi Hilda hakuwa na habari ya kulia. Alikuwa anampenda mtu wake na hakuficha. Juu ya hayo jirani yetu, Mama Eliza, alikuwa amemwoza binti yake kwa shuka la dukani, limepigwa chapa mawaridi makubwa, eti limetoka Dubai, na hakuacha kulitaja hata alipokuja kuomba chumvi.

"Mama, mimi sitaki ndege anayelia," Shangazi alimwambia Bibi, wote tukiwa tumezunguka shuka. "Mimi siendi kulia. Mshone anyamaze, la sivyo nitanunua la mawaridi."

Hakuna aliyewahi kumwambia Bibi neno kama hilo kuhusu kazi yake. Akamfumua yule ndege, akamshona upya, akatoka vile vile. Akamfumua tena, safari hii akijaribu kuzungusha shuka kichwa chini, akatoka vibaya zaidi. Mara ya tatu alimfumua, akamwacha hivyo hivyo, vidoti na matundu tu. Marekani ile ilikuwa imejaa matundu ya sindano mpaka ukiinyanyua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Kitambaa kile kisingestahimili kufumuliwa tena, na harusi ilikuwa imebakiza wiki mbili. Bibi alilikunja shuka akaliweka juu ya kabati, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema labda la Dubai si baya. Nilimwonea huruma.

Lakini mimi nilikuwa na siri. Tangu nilipofumuliwa ua langu, kila nilipotumwa majani ya mbuzi nilipitia nyuma ya jiko na sindano. Kushona nilikuwa nimejifunza kwa kukaa mbele ya Bibi, uso kwa uso, nikifanya anachofanya. Alichofanya yeye kwa kulia, mimi nilikifanya kwa kushoto, mishono yangu ikilala upande wa pili wa yake, ingawa sikuwahi kufikiri kama kuna tofauti. Nilikuwa na kipande cha mfuko wa unga, na masalia ya uzi wa Gerda, na mchoro nilikuwa nimeuiba kwa kupaka mkaa Bibi alipokwenda ibadani. Nilimshona ndege wa bibi harusi kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na shida. Nilipommaliza nilimficha ndani ya gunia la maharage.

Mama yangu alimkuta huko siku iliyofuata alipokwenda kupima maharage ya jioni. Mama alikuwa mkwe katika nyumba ile na hakuwa mtu wa kumpinga mama mkwe wake hata kwa kukohoa. Alichofanya ni kulishusha shuka toka juu ya kabati, akasema linahitaji hewa, akalitandaza kitandani, na kile kipande changu akakisahau juu yake. Alikisahau mahali pale pale palipokuwa na ndege wa pili.

Bibi aliingia kutafuta tondoo yake ya kukinga kidole na sindano. Nilikuwa mlangoni. Nilimwona akisimama, akiinama, akipeleka uso karibu. Ndege wawili wekundu walikuwa wanatazamana, na manyoya ya wote wawili yalikuwa yamelala.

"Hiki kimetoka wapi?" akauliza.

"Kwenye gunia la maharage, mama," Mama akajibu kwa adabu, na akaendelea kukunja nguo.

Bibi alikigeuza akatazama mgongo wake. Akavuta uzi mmoja kwa ukucha kuona kama utalegea. Haukulegea. Akageuka akaniona.

"Wewe. Wiki zote hizi ulikuwa unakula kwa mkono gani?"

"Wa kulia, Bibi."

"Na huo mwingine ulikuwa unafanya nini?"

Nilitaka kudanganya lakini midomo haikunitii. "Ulikuwa unashona."

Alikaa kitandani. Akatazama ndege wangu, kisha ndege wake, kisha dirisha. Nilikuwa nasubiri fimbo. Badala yake alifungua sanduku lake, akatoa sabuni ya kunukia aliyokuwa akiiweka kati ya nguo za kanisani, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitumia, akanipa.

"Kanawe."

Nikanawa. Akanusa mkono.

"Kanawe tena."

Nilinawa mara tatu, mpaka vidole vikakunjamana. Ndipo akaniketisha upande wa pili wa shuka, akabana kitambaa kwenye duara la mbao, akanitungia uzi yeye mwenyewe. "Hakuna kufumua," akasema. "Kitambaa kimechoka. Ukikosea tumekwisha, mimi na wewe na Hilda." Kisha akashusha sauti, ingawa tulikuwa watatu tu chumbani. "Na tukiulizwa, nimeshona mimi."

Nikasema sawa. Ningesema sawa kwa lolote. Siku nne tulishona hivyo, shuka limetanda katikati yetu, yeye akimalizia maua na mimi nikimvisha ndege wangu manyoya, unyoya kwa unyoya, kwenye matundu aliyoyaacha. Sikukosea. Naandika hivi bila haya, maana mimi ni mtu wa kujisifu na jambo hili linastahili: sikukosea hata mshono mmoja. Mara moja Bibi alisimamisha sindano yake akawa ananitazama tu, nikainua macho, akasema, "Endelea, nani amekuambia upumzike?" Lakini alikuwa anatabasamu.

Mkono wangu ulikuwa umefika kwenye shuka. Nilipaswa kuridhika, na nusu yangu iliridhika. Nusu nyingine iliumia kila Shangazi alipopita akasema, "Mama, kumbe uliweza!" na Bibi akajibu, "Mm."

Siku ya kumuaga Shangazi ukungu uliondoka mapema. Wanawake wa Vuga walikuja kwa nyimbo, wakiongozwa na shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti, ambaye kila mtu alimwamkia kwa kuinama. Wakakaribishwa chai. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la vikombe, mkono wa kulia mbele kama nilivyofundishwa. Mama Eliza alijipatia nafasi karibu kabisa, asikose kitu.

Shuka likaletwa, likatandazwa kwenye mkeka uani. Yule mwanamke akapiga magoti, akafungua mdomo kusema yale maneno, kisha akaufunga. Akakaza macho. Akaligeuza shuka, akatazama mgongo wake, akaligeuza tena. Nilisikia vikombe vikigongana kwenye sinia langu.

"Nimekuja kutoka Vuga na maneno yangu," akasema hatimaye. "Nimekuja kusema huyu analia, tutamnyamazisha. Sasa nimseme nini huyu? Huyu ameshanyamaza." Akamtazama Bibi. "Mkwe, nani amemnyamazisha?"

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima, kanga mpya mabegani. Nilimwona akivuta pumzi ya kujibu. Jibu lilikuwa tayari, tulikuwa tumelipanga sote wawili, na nilishaanza kutazama chini ili uso wangu usinisaliti.

Lakini Bibi alitazama ndege wale wawili, kisha akanitafuta kati ya watu.

"Weka sinia chini," akaniambia. "Njoo hapa."

Nikaenda.

"Aliyemshona ni huyu, mjukuu wangu," Bibi akatangaza, kwa Kiswahili, siyo kwa lugha yetu ya nyumbani, ili hata wale waliotoka mbali wasikie. "Mpe mkwe mkono."

Nilipiga goti, nikasema shikamoo, nikanyoosha mkono wangu wa kulia.

"Siyo huo," akasema Bibi. "Ule mwingine."

Nilidhani sikusikia sawasawa. Kumpa mkubwa mkono wa kushoto, mbele ya wakwe, mbele ya Mama Eliza! Lakini Bibi alikuwa ameshanishika kiwiko, akauinua mkono ule aliokuwa akiufunga kwa kipande cha kanga, akauweka mbele ya mgeni kama anavyoweka sahani ya nyama. Yule mwanamke wa Vuga aliutazama. Kisha akaupokea kwa mikono yake yote miwili, akaugeuza kama alivyoligeuza shuka, akaona matundu ya sindano kwenye vidole.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba sana."

Wa kwanza kupiga kigelegele alikuwa Mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti katika nyumba ile. Wengine wakadakia, kilima kizima kikadakia, na Shangazi Hilda akaja mbio akaninyanyua juu, akilia kweli kweli yeye ambaye aliapa hatalia. Nami huko juu, mkono wangu wa kushoto ukiwa bado unanukia sabuni ya Bibi, nilimwambia Gerda kimoyomoyo: umeona? Wameushika.